TCAS ikisema panda, mwongoza ndege akisema shuka: ufuate ipi, na kwa hatua zipi

Jibu kwanza, maana siku litakapohitajika hakutakuwa na muda wa kusoma. Amri ya TCAS, mtambo wa ndani ya ndege unaozuia ndege kugongana, ndiyo inayofuatwa, na agizo la mwongoza ndege linawekwa kando mpaka mtambo utamke kwamba hatari imepita. Ni hivyo hata kama umeshaanza kutekeleza agizo la mnara, na hata kama ndege nyingine unaiona kwa macho na moyo unakutuma vingine. Juu ya TCAS yapo maonyo matatu tu: la mbawa kukaribia kupoteza nguvu ya kuinua, la upepo unaogeuka ghafla, na la ardhi iliyo karibu.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa urubani, marubani wanaohamia kwenye ndege zenye TCAS II, na waongoza ndege wanaozihudumia. Taratibu za kampuni yako na kitabu cha ndege yako viko juu ya maelezo haya popote vinapotofautiana nayo.

Siku ndege mbili zilipokoswakoswa juu ya Yaizu

Tarehe 31 Januari 2001, karibu saa kumi alasiri, Boeing 747 ya Japan Airlines, safari namba 907, ilikuwa inapanda kutoka Haneda kwenda Naha ikiwa na kibali cha kufika FL390, yaani futi 39,000. DC-10 ya shirika hilohilo, safari namba 958 kutoka Busan kwenda Narita, ilikuwa imetulia kwenye FL370. Njia zao zilikutana karibu na mji wa Yaizu, mkoa wa Shizuoka. Kwa jumla ndege hizo zilibeba watu 677.

Kwenye kituo cha kuongozea ndege alikuwapo mwanafunzi akifanya kazi chini ya msimamizi. Kengele ya mgongano ilipowaka kwenye skrini, alikusudia kuishusha 958 lakini ulimi ukatamka 907. Rubani wa 907 alirudia agizo kwa sauti, akitaja namba ya ndege yake, na hakuna aliyemsahihisha. Akaanza kushuka. Sekunde chache baadaye TCAS ya 747 ikamwamuru apande, na TCAS ya DC-10 ikaiamuru ishuke. DC-10 ilitii mtambo wake. Rubani wa 747, ambaye alikuwa ameshapunguza nguvu za injini na alikuwa anaiona DC-10, aliendelea kushuka kama alivyoambiwa na mwongoza ndege. Ndege zote mbili zikawa zinashuka kuelekea nafasi moja. Msimamizi alipoingilia kati aliita ndege namba 957, ambayo haikuwapo kabisa katika anga hilo.

Zilipishana kwa mita mia na kidogo, baada ya rubani wa 747 kuisukuma pua ya ndege chini kwa nguvu. Wahudumu walikuwa katikati ya kugawa vinywaji. Watu 100 waliumia, 9 kati yao vibaya, na toroli moja la vinywaji liliruka likatoboa dari. Hakuna aliyekufa.

Kosa la kuchanganya namba ndilo lililovuma sana kwenye habari. Kwa mtu anayeketi kwenye usukani, somo zito zaidi ni lile la pili: mtambo ulikuwa na jibu sahihi, likaachwa. Miezi 17 baadaye, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, mambo yaleyale yalitokea juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani. Mwongoza ndege wa Zurich aliiagiza Tu-154 ya Bashkirian Airlines ishuke, TCAS ikaiamuru ipande. Boeing 757 ya mizigo ya DHL ilitii TCAS yake ikashuka. Marubani wa Tu-154 walimfuata mwongoza ndege. Watu wote 71 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya hapo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilizirekebisha kanuni zake ili pasibaki mwanya wa kubishana: amri ya TCAS inafuatwa hata ikipingana na agizo la mwongoza ndege.

Kwa nini mtambo unajua zaidi ya mnara

TCAS huiuliza transponda (kifaa cha redio kinachojibu maswali ya rada na ya TCAS) ya kila ndege iliyo jirani takriban mara moja kwa sekunde, na kutokana na majibu hukokotoa umbali, tofauti ya kimo na kasi ya kukaribiana. Rada ya safari ndefu huchukua kati ya sekunde 8 na 12 kuzunguka mara moja. Ile ya karibu na uwanja huchukua kama 4 au 5. Kwa hiyo picha anayoitazama mwongoza ndege imeshapitwa na wakati kidogo. Ndege iliyoanza kushuka sekunde 6 zilizopita bado inaonekana kwake imetulia. Tena, katika vituo vingi haoni kabisa amri iliyotolewa ndani ya chumba chako cha marubani. Anajua tu pale unapomwambia.

Jambo la pili ndilo la muhimu zaidi. Ndege mbili zenye TCAS II huzungumza zenyewe kwa zenyewe na kukubaliana: mimi napanda, wewe unashuka. Makubaliano hayo yanapatikana kabla sauti haijatoka kwenye spika. Ukienda kinyume na amri yako, unakwenda kulekule ambako mwenzako ameamriwa aende.

Sasa pima muda. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda noti 480 (maili za baharini kwa saa), hukaribiana kwa maili 16 za baharini kwa dakika. Maili 10 zinaisha kwa sekunde 37 na nusu. Maili 5 kwa chini ya sekunde 19. Juu ya FL200 tahadhari hutoka kama sekunde 48 kabla ya kukutana, na amri kama sekunde 35. Ukitumia sekunde 5 kuitikia, kisha ukapanda kwa futi 1,500 kwa dakika, ambazo ni futi 25 kwa sekunde, unabaki na sekunde 30 na unapata futi 750. Mwenzako naye akishuka vivyo hivyo, mmepishana kwa futi 1,500. Ukitumia sekunde 15 kubishana na redio, futi zako zinashuka hadi 500. Kadiri unavyokuwa chini ndivyo muda unavyopungua: kati ya futi 1,000 na 2,350 juu ya ardhi, amri hutoka sekunde 15 tu kabla.

Kabla ya kuruka

Kagua transponda kwanza. TCAS haiwezi kuiona ndege isiyo na transponda, na ikijibiwa bila taarifa ya kimo hutoa tahadhari tu, haiwezi kutoa amri. Kosa la kawaida kabisa ni swichi kubaki kwenye hali ya kusubiri, au kwenye hali ya tahadhari pekee, baada ya majaribio ya asubuhi. Ukiingia kwenye njia ya kurukia, mkono mmoja uguse swichi na mdomo utamke hali iliyopo: TA/RA, yaani tahadhari (TA) na amri (RA). Usitosheke kwa kuitazama.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya Brazil, tarehe 29 Septemba 2006. Ndege ndogo ya Legacy na Boeing 737 ya Gol zilikuwa FL370 zikikabiliana juu ya msitu wa Amazon. Transponda ya Legacy ilikuwa imeacha kutuma bila marubani wake kutambua, hivyo TCAS yao nayo ilikuwa haifanyi kazi, na ile ya 737 haikuwa na cha kuuliza. Watu 154 wa ile 737 walikufa. Kwenye skrini ya Legacy palikuwa na maandishi madogo tu ya kuonyesha kwamba TCAS imezimwa. Hakukuwa na kengele. Kwa hiyo fanya mazoea ya kuisoma alama ya hali ya transponda kila unapobadilisha masafa ya redio.

Kisha mkubaliane na mwenzako nani atafanya nini. Rubani anayeendesha atashika usukani. Mwenzake atatazama skrini, atazungumza na redio na kutafuta ndege kwa macho. Isemwe wazi kwenye maelezo ya kabla ya kuruka: "Amri ikitoka tunaifuata, mnara tunaujulisha baadaye." Sentensi hiyo inachukua sekunde tatu, na ndiyo iliyokosekana katika vyumba vingi.

Mkanda wa abiria ni sehemu ya maandalizi pia. Ukiangalia orodha ya majeruhi wa 907, hakuna aliyeumizwa na ndege nyingine. Waliumizwa na dari, viti na toroli. Tangazo la kufunga mkanda muda wote mtu anapokuwa ameketi, hata taa ikiwa imezimwa, lina kazi yake.

Tahadhari inapolia: "Traffic, traffic"

Hii ni TA. Duara la manjano limetokea kwenye skrini. Usipande, usishuke, usikate kona kwa ajili ya tahadhari peke yake. Fanya haya:

1. Rubani anayeendesha aweke mkono kwenye usukani na mwingine kwenye vishikio vya nguvu za injini.
2. Mwenzake aseme ndege iko upande gani kwa namba za uso wa saa (12 ni mbele ya pua) na tofauti ya kimo: "saa mbili, futi 900 juu, inashuka".
3. Mtazame nje upande huo, lakini jicho la anayeendesha lirudi kwenye vipimo mara moja.
4. Kama mnapanda au kushuka kwa kasi kukaribia kimo mlichopewa, punguzeni kasi ya wima.

Hatua ya nne inaepusha amri nyingi zisizo za lazima. TCAS haijui kibali chako. Ukipanda kwa futi 3,000 kwa dakika kuelekea FL360, na juu yako kuna ndege iliyotulia FL370, mtambo unahesabu kwamba utaipita na kuigonga, ingawa wewe unajua utasimama. Ndiyo maana inashauriwa kushusha kasi ya wima iwe chini ya futi 1,500 kwa dakika katika futi 1,000 za mwisho. Kati ya FL290 na FL410 nafasi kati ya ndege ni futi 1,000 tu, hivyo mazoea haya yana faida kila siku.

Usikate kona kwa kufuata picha ya TCAS. Inapima umbali na kimo vizuri, lakini mwelekeo wa kulia na kushoto unaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa. Na ndege unayoiona dirishani huenda siyo ile inayokutishia.

Amri inapotoka: "Climb, climb" au "Descend, descend"

Alama imekuwa mraba mwekundu. Hesabu ya sekunde 5 imeanza.

Toa otopailoti, isipokuwa ndege yako ina mfumo unaotekeleza amri ya TCAS kwa otopailoti, kama ulivyo kwenye A350. Kama kitabu cha ndege kinataka, zima na vielekezi vya safari (alama za skrini zinazokuonyesha pa kuelekeza pua), kwa sababu vitaendelea kukuvuta kwenye kimo cha zamani. Inua au shusha pua kwa ulaini mpaka mshale wa kasi ya wima utoke kwenye rangi nyekundu na kuingia kwenye kijani. Kwa amri ya kupanda au kushuka ya kawaida, kijani huanzia futi 1,500 kwa dakika. Mvuto unaotakiwa ni wa robo ya g (g ni mvutano wa kawaida wa dunia), sawa na abiria kuhisi amezidi uzito kidogo kitini. Ingia kwenye kijani ubaki hapo.

Kuzidisha ni kosa kama kuchelewa. Rubani anayevuta mpaka futi 4,000 kwa dakika anaweza kuingia kwenye kimo cha ndege ya tatu iliyokuwa haihusiki, na huko nyuma wahudumu wanarushwa.

Ukishaiweka ndege sawa, na si kabla ya hapo, mwenzako aseme kwenye redio maneno mawili baada ya jina la ndege: "TCAS RA". Usieleze sababu, wala usiombe ruhusa. Mwongoza ndege akikupa agizo lolote linalopingana, jibu ni "Unable, TCAS RA" (siwezi, nina amri ya TCAS), basi.

Amri zinaweza kubadilika njiani. Mtambo ukitamka "Increase climb" au "Increase descent", kijani kimesogea hadi futi 2,500 kwa dakika. Ukitamka "Climb, climb now" baada ya kukuambia ushuke, au kinyume chake, umegeuza maamuzi yake, mara nyingi kwa sababu ndege ya pili haikutii. Kwa mabadiliko haya una sekunde 2 na nusu tu, na mvuto unapanda hadi kama theluthi moja ya g.

Amri inayostahili maelezo ya ziada ni "Level off, level off". Maana yake ni moja: punguza kasi ya wima, elekea kutulia. Toleo la zamani la TCAS lilisema "Adjust vertical speed, adjust", na marubani kadhaa waliitafsiri vibaya wakaongeza kasi badala ya kuipunguza. Toleo 7.1 likabadilisha maneno, na pia likaboresha uwezo wa kugeuza amri pale ndege moja inapokaidi. Kama ndege yako bado ina maneno ya zamani, andika pembeni mwa karatasi yako ya ukaguzi: "Adjust" ni kupunguza, daima.

Ukisikia "Clear of conflict" (hatari imepita), rudi kwenye kibali chako kwa utaratibu na umwambie mwongoza ndege: "Clear of conflict, returning to flight level three seven zero", kwa kutaja kimo chako mwenyewe. Kwenye mshtuko watu husahau kurudi. Wanabaki futi 600 juu ya kimo chao huku mikono ikitetemeka, na wanatengeneza hatari ya pili.

Jambo la vimo vya chini: chini ya takriban futi 1,100 juu ya ardhi TCAS haikuamuru kushuka, na chini ya takriban futi 1,000 haitoi amri yoyote. Karibu na uwanja, macho na redio ndiyo kinga yako.

Upande wa mwongoza ndege

Ukisikia "TCAS RA" jibu "Roger" na unyamaze kuhusu ndege hiyo. Usiipe kimo, usiipe mwelekeo, usiiulize maswali. Tangu rubani atoke kwenye kibali kwa amri ya mtambo, jukumu la kuitenganisha na ndege zilizoathiriwa moja kwa moja halipo kwako mpaka atakapokujulisha kwamba amerudi kwenye kibali na ukakiri. Kazi yako wakati huo ni kuwaondoa wengine njiani: ndege ya tatu iliyo futi 1,000 juu au chini ya hizo mbili.

Kabla amri haijatoka una nafasi ya kurekebisha, na hapa namna unavyorekebisha ina maana kubwa. Kengele ya mgongano ikiwaka na ikabaki chini ya dakika moja ndege zikutane, agizo la kukata kona ni salama kuliko la kubadilisha kimo, kwa sababu TCAS hufanya kazi juu na chini tu. Kona yako haitapingana na amri yake, lakini "shuka" yako inaweza. Tumia neno "immediately", taja mwelekeo kwa tarakimu tatu, kisha mahali ndege nyingine ilipo kwa saa na umbali. Hakikisha saa hiyo: Überlingen, marubani wa Tu-154 waliambiwa ndege iko saa mbili wakati ilikuwa upande wa pili, yaani saa kumi.

Majina ya safari yanayofanana ni chanzo cha kosa kisichoisha. 907 na 958 za shirika moja, kwenye masafa yaleyale, zinakaa ulimini kama ndugu. Ukiziona jozi kama hizo kwenye orodha ya zamu, wajulishe marubani wote wawili, au badilisha jina la moja kwa muda. Na usikie anavyorudia rubani. Kusikiliza kurudiwa kwa agizo ni nusu ya kazi yenyewe. 907 ilirudia agizo lisilo lake waziwazi, na watu wawili waliokuwa mezani walikuwa wanasubiri 958 ishuke.

Mwanafunzi akiwa mezani, msimamizi asiwe na kazi nyingine. Mwongoza ndege wa Zurich alikuwa peke yake kwenye meza mbili, mwenzake akiwa mapumzikoni, kengele ya skrini ikiwa imezimwa kwa matengenezo na simu kuu haifanyi kazi. Wenzake wa Karlsruhe waliiona hatari ikija wakapiga simu mara kadhaa bila kumpata. Ukiambiwa mitambo mitatu itafanyiwa matengenezo usiku mmoja, dai mtu wa pili mezani, na uliandike dai hilo kwenye daftari la zamu.

Anga lenye rada haba

Kwa wanaoruka Afrika Mashariki na Kati, mambo mawili yaongezwe. Tarehe 29 Agosti 2018 ndege ya Ethiopian Airlines na ya Neos ya Italia, iliyokuwa inaelekea Zanzibar, zilikaribiana kwenye FL370 katika anga la Kenya, na TCAS ndiyo iliyozitenganisha. Katika sehemu kubwa ya bara hili, ukiwemo ukanda wa Kinshasa, marubani hutangaza mahali walipo wao kwa wao kwenye 126.9 MHz. Weka redio ya pili kwenye masafa hayo. Tangaza dakika 10 kabla ya kuingia kwenye ukanda, dakika 10 kabla ya kila kituo cha kuripoti au makutano ya njia, kila dakika 20 vituo vikiwa mbali, na dakika 2 hadi 5 kabla ya kubadilisha kimo. Taja jina la ndege, kimo, njia, unakotoka na unakokwenda, na saa utakayofika kituo kinachofuata kwa saa za UTC (saa ya pamoja ya kimataifa). Wengi hutangaza lakini hawasikilizi. Ukisikia mtu anataja kituo chako, kimo chako na dakika zinazokaribiana na zako, ongea naye mara moja.

Pili, palipo na ruhusa, sogea kulia mwa mstari wa njia hadi maili 2. Mitambo ya satelaiti imekuwa sahihi mno kiasi kwamba ndege mbili zenye kosa la kimo zitakutana katikati kabisa ya mstari. Maili moja ya kulia inaondoa hatari hiyo bila gharama. Kushoto usiende kamwe.

Ndege ndogo zisizo na TCAS

Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Wawili wa kwenye Cessna walifariki. Dash 8, yenye watu 44, ilirudi ikatua salama. Pale Wilson ndege za mafunzo, za watalii na za ratiba zinatumia anga lilelile jembamba.

Kwenye ndege ndogo, macho yapewe mpango. Gawanya upeo vipande vya nyuzi 10, tua kwenye kila kipande angalau sekunde moja, halafu songa. Jicho linalofagia bila kutua halioni kitu. Ndege inayosogea kwenye kioo itakupita. Ile iliyoganda mahali pamoja huku ikikua ndiyo itakayokugonga, na ndiyo ngumu kuonekana, maana jicho hupenda kinachotembea. Tangu kuiona mpaka ndege yako ianze kugeuka huchukua kama sekunde 12 na nusu. Futa kioo kabla ya kuruka: mdudu mmoja aliyekauka anatosha kuificha ndege iliyo maili mbili. Washa taa ya kutua hata mchana, na transponda iwe kwenye hali ya kutuma kimo, kwa sababu ndiyo inayoiwezesha TCAS ya ndege kubwa kukuona.

Mkikabiliana, kila mmoja ageukie kulia. Mkikatizana, aliye na mwenziwe upande wa kulia ndiye anayempisha. Anayempita aliye mbele apite kulia kwake.

Baada ya kutua

Mjulishe mwongoza ndege kwa redio kwamba utaandika ripoti, ukiwa bado angani kama hali inaruhusu. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kwenye ndege nyingi hufuta kilicho nyuma ya saa 2, na umeme ukibaki umewashwa uwanjani kinaendelea kufuta. Mhandisi akiondoe kwenye umeme kwa utaratibu wa kampuni, kabla ya ukaguzi wa kawaida kuanza.

Andika siku hiyohiyo, kila rubani peke yake, kabla hamjalinganisha kumbukumbu. Ripoti iwe na saa ya UTC, mahali, kimo, kibali ulichokuwa nacho na maneno yake, tahadhari na amri kwa mpangilio wa kutokea, ulivyoitikia, kimo ulichofikia nje ya kibali, hali ya hewa, kama uliiona ndege nyingine na kwa umbali gani, na majeruhi. Andika umbali kama makadirio, maana jicho hukosea sana angani. Wachunguzi hupanga tukio katika daraja nne, kuanzia A, ambapo hatari ya kugongana ilikuwa ya kweli, hadi D, ambapo taarifa hazitoshi kuamua. Ripoti zilizo tupu ndizo zinazoishia D.

Kuna wanaoogopa kuandika, na wana sababu: waongoza ndege wawili wa tukio la Yaizu walishtakiwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Japani ikathibitisha hukumu dhidi yao. Tunaamini kesi za namna hiyo huzifunga midomo ya watu waliokuwa tayari kusema. Hata hivyo ripoti yako ni lazima kisheria, na rekodi za rada na za TCAS zipo hata ukinyamaza. Usiondoke uwanjani bila nakala yake yenye muhuri wa saa ya kupokelewa.